Sadaka Ndani ya Giaboksi

Gari la kanisa letu lilianza kupiga teke kwenye kile kilima cha baada ya Kabingo, ukiwa unaelekea Mbarara, na wa kwanza kupigwa walikuwa wagonjwa. Halikupiga kwa nje. Lilipiga kwa ndani, kutoka chini ya sakafu, kila lilipotaka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Injini ililia juu kama inayoomba ruhusa, pakawa kimya kidogo, halafu gu! mgongo unarudi kwenye kiti na meno yanagongana. Gari la otomatiki limetengenezwa na watu waliofikiri sana ili dereva asipate taabu ya kufikiri. La kwetu lilikuwa limejifunza tabia za ng'ombe anayekataa kukamuliwa.

Kwa watu wengine ubovu wa namna hii hupelekwa kwa fundi. Sisi tuliupeleka kwenye kamati.

Nieleze kwanza gari lenyewe. Mwaka 2013 vijana wetu waliopata ndege ya kwenda Amerika walichanga, likanunuliwa Mbarara gari la Kijapani la viti saba, ili wagonjwa wa Misiera, kijiji chetu ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wasiendelee kwenda hospitali wakiwa wamefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva wa bodaboda. Jambo zuri. Lakini jambo zuri kwetu halimalizi wiki kabla halijapata mwenyekiti. Pasta Adolphe aliweka mkono juu ya boneti, akatangaza kwamba gari ni la Bwana, na tangu siku hiyo kiti cha mbele kikawa chake.

Ufunguo alipewa Muhirwa, na hapo hawakukosea. Kabla ya vita alikuwa akiendesha malori kati ya Uvira na Bukavu, kwenye makona ya Ngomo, barabara ambayo mzembe hapewi nafasi ya kujirekebisha. Hapa Nakivale alikuwa akilima maharage ya watu. Watu walisahau kwamba ana kazi; nadhani hata yeye alikuwa ameanza kusahau. Siku alipopewa ule ufunguo aliufunga kwenye kamba ya kiatu, akauvaa shingoni chini ya shati, na mgongo wake ukanyooka. Watoto wa jirani waliacha kumwita baba fulani, wakaanza kumwita Shofere. Huo ndio ufunguo ambao baadaye walitaka kumvua.

Alikuwa na kosa lake, na nilimwambia usoni. Madereva wa kwetu wanapenda rulibre: ukifika kwenye mteremko unaondoa gia, gari linashuka lenyewe, mafuta yanapona. Kwa lori la zamani, sawa. Kwa otomatiki ni kujikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, kwa sababu giaboksi ile inataka injini iizungushie mafuta yake wakati wote magurudumu yanapokimbia. Muhirwa alifanya rulibre miezi ya mwanzo, akaambiwa, akaacha. Akaacha kabisa. Lakini kamati ya kanisa haisahau dhambi iliyoachwa. Inasahau tu ile inayoendelea.

Siku moja Muhirwa alihisi mshtuko mdogo, mdogo kiasi kwamba abiria hawakuujua. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akaona yamepungua kidogo chini ya alama. Ilitakiwa chupa moja ya yale mafuta mekundu ya otomatiki. Moja. Akaenda kuiomba kwenye kamati kama Mkristo mwema, na hapo ndipo gari lilipoanza kufa.

Pasta Adolphe alisema kununua chupa moja kimya kimya ni kuwanyima waumini baraka. Jumapili akahubiri juu ya mjane wa Sarepta, ambaye mafuta ya chupa yake hayakuisha, akatangaza kwamba Jumapili inayofuata kila nyumba ilete mafuta ya gari la Bwana, kadiri ilivyojaliwa.

Sasa sisi watu wa milima ya Mulenge tuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: maziwa ya mtu hayarudishwi. Ukiletewa chombo cha maziwa, unakunywa. Hata kama umeshiba, hata kama maziwa yanaelekea kuganda, unaweka mdomo, unasifu, kwa sababu kumrudishia mtu maziwa yake ni kumwambia nyumba yake haina kitu. Ni desturi nzuri milimani, mbele ya ng'ombe. Tumeibeba mpaka ukimbizini, ambako hatuna ng'ombe, na tunaitumia kwa kila kitu ambacho si maziwa.

Chupa zilikuja. Chupa za Fanta, chupa za maji, kopo la dawa ya kikohozi. Wenye bodaboda walileta mafuta ya injini, mengine mapya, mengine meusi yaliyokwisha kufanya kazi yake. Mwenye mashine ya kusaga alileta mafuta mazito kama asali. Mmoja alileta mafuta mekundu kweli, yenyewe, sijui aliyapata wapi, nayo yakawekwa mezani katikati ya mengine kama mtu mwenye akili kwenye mkutano wetu. Na Mukarukundo, mjane, mama wa mke wa Muhirwa, alileta chupa iliyojaa mafuta safi, ya manjano, yanayong'aa. Ilikuwa posho yake ya mwezi. Alikuwa ameyamimina kutoka kwenye kopo la msaada, mafuta ya kupikia, na akaenda nayo mpaka mbele akiwa ameyashika kwa mikono miwili. Kanisa zima lilimpigia makofi kuliko wote.

Nilisimama nikauliza kama giaboksi ina tumbo la kuyameza haya yote. Nikajibiwa kwamba nina roho ya upinzani. Nimejibiwa hivyo tangu enzi za kinu cha mahindi, ambacho nacho kiliombewa, kikapewa kamati, kikaua mota yake, na kamati ikapewa shukrani. Sina haja ya kukieleza. Waliokuwepo wanakumbuka, na wasiokumbuka ndio waliokuwa kwenye kamati.

Muhirwa alimwendea pasta, akamnong'oneza kwamba chupa moja inatosha. Pasta akamwuliza, kwa upole ule wa mtu mwenye kisu, basi amchagulie ni mama yupi arudishiwe chupa yake. Muhirwa akaitazama meza. Akaiona ile ya manjano, akajua ni ya nani. Mkwe wa kwetu halitaji hata jina la mama wa mke wake. Atamrudishiaje chupa mbele ya watu? Akanyamaza, akashika faneli. Mihigo, shemasi, mpwa wa pasta, ndiye aliyemimina, na kwa kila chupa wenyewe walisogea kuona mali yao ikiingia. Hakuna aliyetaka kukosa. Mafuta yakaingia mpaka yakaanza kurudi juu, Mihigo akasubiri yashuke, akaongeza.

Ndiyo maana gari lilipiga teke.

Lakini lisikieni kanisa likitafuta ugonjwa. Kuna waliosema ni matairi. Kuna mama aliyesema gari limechoka kubeba watu wasiotoa zaka. Mzee mmoja aliyewahi kuosha magari Uvira alisema ni plagi, na kwa kuwa neno hilo wengi hawakulijua, likaheshimiwa wiki nzima. Kulikuwa na mkesha wa maombi ambamo gari liliwekwa katikati, taa zikiwashwa, mpaka betri nayo ikafa. Mwishowe Mihigo akakumbuka rulibre. Akasema Muhirwa ameharibu gari la Bwana kwa ubahili wa barabarani, na kila mtu akapumua, kwa sababu sasa ugonjwa ulikuwa na jina la mtu, na mtu huyo hakuwa yeye.

Ikaamuliwa kwamba Jumapili, mbele ya washirika wote, Muhirwa arudishe ufunguo, na ukabidhiwe Mihigo. Mihigo alikuwa na leseni. Aliipata Mbarara, sijui kwa njia gani, maana kurudi nyuma hakujui.

Nikagoma. Nikasema hakuna mtu wa kuvuliwa ufunguo kabla fundi hajaliona gari, na kama wakikataa nitasema kule nje, kwa wasio wa kanisa, kwa nini wamekataa. Hilo wanaliogopa kuliko moto wa milele. Pasta alikuwa na safari yake ya mjini, akakubali. Tukaenda watu watatu, Muhirwa akiendesha, pasta mbele, mimi nyuma, gari likitupiga kila kilima kama mwalimu.

Huko Kakoba, mtaa mmoja wa Mbarara, tulimpata Meddy, fundi mwenye gereji ya mabati karibu na soko. Meddy aliendesha gari mpaka kona, akarudi, hakufungua hata boneti. Akasema giaboksi imekwisha, akasema anayo nyingine iliyotoka Japani, tumwachie gari.

Nilimtazama pasta. Aliyedhani angehuzunika hamjui. Uso wake ulifunguka. Ugonjwa mdogo una aibu: ukiupeleka Amerika, vijana watauliza mlishindwaje kitu kidogo hivi. Lakini giaboksi nzima ni ugonjwa wa heshima. Unaandikiwa barua, unapigwa picha, unafungiwa kwa maombi. Pasta alikuwa ameshaanza kuitunga ile barua, nilimwona midomo ikitembea.

Kando ya gereji palikuwa na kibanda cha mwanamke aitwaye Yudaya, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Mbarara, anayeuza mafuta ya magari. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya gwaride. Alikuwa ametusikia tangu mwanzo, na kwa Meddy hakuwa na adabu yoyote. Alitoka na karatasi nyeupe mkononi, akamwambia Muhirwa arudi ndani, awashe injini, aiache iwe moto, asogeze ile fimbo ya gia pole pole nafasi zote kisha airudishe. Injini ikiendelea kuzunguka, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakipangusa kwenye karatasi. Mafuta yalikuwa yamepanda juu ya alama mpaka karibu na mkono wake. Yalikuwa na povu, rangi ya chai ya maziwa. Akayanusa.

"Ssebo," alimwambia Muhirwa, "nyinyi nakaanga nini humu ndani?"

Muhirwa alitazama viatu vyake.

Yudaya akasugua mafuta kati ya vidole. "Hii nyekundu iko kidogo. Hii nyeusi ni ya piki. Na hii ingine, hii mimi napika nayo chapati. Nani aliweka?"

"Kanisa," nikasema mimi.

Akacheka mpaka akashika boneti. Kisha akaeleza, na nilifurahi kwamba pasta hakuwa na mahali pa kukimbilia. Mafuta yakizidi, alisema, vyuma vya ndani vinayapiga kama mtu anayepiga mayai, yanageuka povu. Gia ya otomatiki inasukumwa na mafuta. "Povu hapana sukuma kitu. Gia nangoja, nangoja, halafu naruka." Tuyamwage yote, tufungue karai la chini tuoshe, tubadilishe chujio, tutie mekundu mpaka kwenye alama, tuendeshe, tuyamwage tena, tutie mengine. Ndipo tujue kama kuna kilichokufa.

Meddy alisema hayo ni maneno ya mwanamke anayetaka kuuza mafuta.

"Ndiyo, mimi nauza mafuta," Yudaya akasema. "Wewe nauza giaboksi. Wao naanza na ya mimi, ni ndogo. Kama inakataa, kesho gari iko kwa wewe, unakula yote."

Meddy akarudi ndani ya mabati yake. Pasta ndiye aliyepata jibu. Aliuliza, akiwa ametulia kabisa, yale mafuta ya zamani yatamwagwa wapi. Yudaya akamwonyesha udongo mweusi nyuma ya gereji, ambako mafuta ya magari yote ya Kakoba huenda kupumzika. Pasta akatikisa kichwa. Akasema haiwezekani, ile ni sadaka, imetolewa, imeombewa, haiwezi kumwagwa kwenye takataka za gereji.

"Sadaka mimi najua, hata sisi Waislamu natoa," Yudaya akasema. "Sadaka napa mtu na njaa. Giaboksi hapana njaa, mzee."

Pasta akaingia kwenye gari, akafunga mlango. Safari ikawa imekwisha.

Njiani tulisimama kituo cha petroli, pasta akashuka kununua maji. Nikamgeukia Muhirwa. Nikamwambia amesikia kwa masikio yake. Sio rulibre, sio mguu wake, ni zile chupa. Jumapili asimame aseme. Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Nisimame mbele ya kanisa," akasema, "niseme mama wa bibi yangu njo aliuwa gari?"

Nikasema hakuwa peke yake, chupa zilikuwa nyingi.

"Zilikuwa mingi, lakini batu beko nakumbuka ya kwake tu. Njo walipigia makofi. Yaya, weye mukubwa wangu, mutu anaweza kupata ufunguo ingine. Mama mukwe ingine nitamupata wapi?"

Nilimwambia kwamba heshima ya namna hiyo ndiyo kamba wanayotufungia, na kwamba sisi wenyewe ndio tunaoisokota na kuwapelekea. Akasema labda. Kisha pasta akarudi na maji yake, na Muhirwa akashuka kumfungulia mlango. Nilitazama nje ya dirisha nisije nikasema neno.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Watu wetu hawapendi mtu aumizwe, lakini akiumizwa hawapendi kukosa. Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwa Muhirwa, umetolewa nje ya shati kama alivyoagizwa, ili uonekane. Mihigo alivaa tai.

Pasta alitoa ripoti. Fundi wa Mbarara amethibitisha kwamba giaboksi imekufa. Sababu ni rulibre. Barua ya Amerika itaandikwa, washirika waiombee. Juu ya Yudaya na karatasi yake nyeupe, hakuna neno. Kwenye ripoti zetu mtu asiyefaa huwa hakuzaliwa.

Nikasimama. Wakaniambia nikae, nikakataa, nikasema yote: kijiti, povu, harufu, chai ya maziwa. Nikasema giaboksi haijafa, imelishwa. Nikasema walioua gari, kama limekufa, ni wale waliosimamisha ibada ya kumimina na kuwafanya watu wazima waamini kwamba Mungu hajui tofauti ya mafuta. Kelele zilipanda. Pasta aliinua mkono, zikashuka. Ana kipaji hicho, simnyimi.

"Ndugu yetu anasema mu gari muliingia mafuta ya kupika," alisema. "Ni neno kubwa. Ataje basi. Ilikuwa chupa ya nani?"

Mjanja. Nisipotaja, nimewasingizia watoaji wote. Nikitaja, nimemvua nguo mjane mbele ya kanisa, na hakuna atakayekumbuka tena faneli. Nimetaja watu wakubwa kuliko Mukarukundo mbele ya mikutano mikubwa kuliko ule, na nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Muhirwa akainuka kabla yangu. Akaivua ile kamba ya kiatu shingoni, akatembea mpaka mbele, akaweka ufunguo mezani, pale pale zilipokuwa zile chupa. Mgongo wake ulikuwa umerudi ule wa shamba la maharage.

Mihigo akanyoosha mkono.

"Acha iyo ufunguo."

Ilitoka upande wa wanawake. Mukarukundo alikuwa amesimama, mdogo, kitambaa chake cheupe kichwani, ameshika benchi la mbele yake. Mama mkwe wa kwetu hamsemeshi mkwe wake mkutanoni, na hamtetei pia. Yote mawili ni aibu. Kwa hiyo mwanzoni alimwangalia pasta.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Chupa ya mafuta ya kupika. Ilikuwa yangu, kila mutu anajua, mulinipigia makofi. Sasa munaogopa kuitaja juu ya nini? Miye niko yai?"

Pasta akaanza kusema kwamba hakuna anayemlaumu mama, sadaka ya mjane ni kubwa mbele za Bwana.

"Sijamaliza, pasta. Mulisema mulete mafuta ya gari. Miye sijui gari. Nimekulia ku mulima na ng'ombe, gari ya kwanza niliona tukikimbia. Nilileta chenye niko nacho. Mwezi ile watoto walikula mboga ya kuchemusha. Kama ungeniambia, mama, hii haiingiake mu gari, ningeirudisha mu nyumba, tungekaanga samaki, Mungu asingekasirika. Nani alikuwa na kazi ya kuniambia? Ni benye kusoma, benye kushika meza."

Kisha akamgeukia Muhirwa, na wanawake wawili wakainamisha vichwa kwa aibu ya kile alichokuwa anavunja.

"Na weye. Ulishika antonwari ya kumiminia. Ulijua?"

Muhirwa alikuwa akitazama sakafu. "Nilijua, Mama."

"Ukanyamaza juu yangu."

"Njo vile, Mama."

"Basi unanipandisha mu gari yenye kupiga batu teke, unapandisha na bagonjwa, juu usinitie haya? Iyo heshima ni ya namna gani? Kumbe miye njo nilikuwa nimewafunga wote kamba na sikujua." Akashusha pumzi. "Mafuta yangu munirudishie. Njo nasema miye mwenyewe, mbele ya kanisa. Mutoshe yote mu gari, mumwange chini. Na mwenye chupa yake mu ile gari asimame aseme kama anakataa."

Watu wakatazamana. Desturi inakataza kumrudishia mtu maziwa yake. Haina neno juu ya mwenye maziwa anayeyadai. Mwenye mashine ya kusaga akasimama, akasema na yeye anataka yake. Kisha wenye bodaboda. Hata yule wa kopo la dawa ya kikohozi. Nimehudhuria mikutano mingi Nakivale na sijawahi kuona watu wakishindania kuwa wakosaji. Mihigo, niseme ukweli, alirudisha mkono mfukoni, na jioni ile ile alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye tangu mwanzo alishangaa kwa nini mafuta yanarudi juu.

Muhirwa alichukua ufunguo mwenyewe. Hakuna aliyempa.

Jumatatu alilala chini ya gari uani mwa kanisa, juu ya gunia, akafungua bolti ya chini. Yalitoka mabeseni kwa mabeseni. Yudaya alituma mafuta mekundu na chujio kwa bodaboda kutoka Kakoba, pamoja na salamu kwa yule mzee wa sadaka. Muhirwa akaosha karai, ambalo ndani yake kulikuwa na unga laini wa vyuma, ishara kwamba kuna kilichoumia. Akatia mekundu, akaendesha mpaka Base Camp, kwenye ofisi za kambi, na kurudi, akamwaga, akatia tena, safari hii injini ikiwa moto na inazunguka, kijiti mkononi, chupa ya mwisho akiihesabia matone. Mama mkwe wake alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa kanisa siku nzima, akimwangalia. Hawakusemeshana.

Pasta alikataza mabeseni kumwagwa. Hilo hakulegeza. Akayaombea upya, na washirika wakayapaka kwenye nguzo za ua wa kanisa dhidi ya mchwa. Nguzo zile zinanuka bodaboda na chapati mpaka leo, na mchwa wa Misiera, ambao wamekula Biblia mbili za kanisa hilo, hawajazigusa. Pasta ameshatoa ushuhuda juu ya jambo hilo. Anauita mafuta yasiyoisha.

Safari ya kwanza kwenda Mbarara baada ya hapo nilikuwemo, kiti cha nyuma kabisa. Tulikuwa na mgonjwa mmoja wa figo, na Mukarukundo aliyekuwa akipeleka macho yake hospitali. Kabla pasta hajafika kwenye mlango wa mbele, mama alikuwa ameshaufungua, amekaa, amejifunga mkanda kama mtu aliyefunga mkanda maisha yake yote. Pasta alisimama kidogo pale nje. Kisha akaja nyuma, akakaa karibu na mimi na gunia la muhogo.

Tulipita Kabingo. Kilima kilipoanza, nililiona gari zima likijishika: mkono kwenye mlango, mkono kwenye kiti cha mbele, mgonjwa akakaza meno. Injini ikapanda kwenye gia ya pili. Ikapanda tena. Pakaja kile kimya.

Kisha gari likasogea mbele, na kulikuwa na msukumo, ndiyo, mdogo, kama mtu aliyekugusa bega akikuuliza njia. Halikupona lote. Vyuma vilivyosagwa na ibada haviponi kwa chujio.

"Haleluya," pasta akasema kwa sauti, na akavuta pumzi ya kuendelea.

"Nyamaza kidogo, pasta," Mukarukundo akasema bila kugeuka. "Muhirwa anasikiliza gari."

Muhirwa hakutoa jicho barabarani. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, kuelekea chini, kuelekea sakafuni, na ufunguo ukiwa mahali pake kwenye swichi, kamba ya kiatu ikining'inia. Baada ya kilima kulikuwa na mteremko. Aliacha gia ilipo.